Ukisimama Feri, Utapewa Kazi

Anayetaka kukaa bila kazi Dar es Salaam ana pa kwenda. Vijiwe vya kahawa vipo kila mtaa, na muuza kahawa hamuulizi mtu shughuli yake mradi kikombe kimelipiwa. Mnazi Mmoja kuna miti na kivuli chake. Na ofisi nyingi za mjini zina benchi la wageni ambalo mtu anaweza kulikalia tangu asubuhi mpaka jioni bila kusumbuliwa na huduma yoyote. Asikothubutu kwenda ni Feri. Pale Magogoni, kwenye mdomo wa bandari, soko la samaki limebanana na gati la kivuko cha Kigamboni, na nafasi ya mtu aliyesimama tu haikupangwa. Soko lenyewe lilijengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, likagawanywa kanda kanda: pa kunadia, pa kupara, pa kukaangia, pa kuuzia rejareja. Pa kushangaa hawakupajenga. Ukishangaa, unashangaa juu ya eneo la kazi la mtu mwingine, na mtu huyo atakutafutia cha kufanya.

Mimi sikwenda kutafuta ajira. Nilikwenda na karatasi. Mke wangu ni mwalimu, na mambo yake yote huyapa namba. Kwanza, changu wa kukaanga, kwa ajili ya wageni wa Jumapili. Pili, dagaa mchele wabichi, kisado kimoja. Tatu, pweza wa baba yake, aliyekuwa amekuja kututembelea na kupata hamu. Nne, kipande cha wavu mkuukuu kwa ajili ya magoli ya watoto wa mtaani, kwa sababu mpira wao usio na wavu ulikuwa umezoea kuishia jikoni kwetu. Tano, bahasha ya kupeleka ng'ambo kwa shangazi. Chini ya yote, kwa herufi kubwa: URUDI KABLA YA SAA NNE.

Orodha hiyo iliandikwa na mtu aliyetazama saa. Feri hutazama mwezi. Tofauti hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Nilifika kungali giza, adhana ya alfajiri imekwisha. Maji yalikuwa yamejaa hadi juu na boti zilikuwa zinaingia moja baada ya nyingine, injini zikikohoa, taa za tochi zikimulika kila upande. Nikasogea ukingoni nipate kuona vizuri. Kijana mmoja aliyesimama kwenye omo ya boti akapaza sauti, "Mzee, shika hapo!" na kamba ikatua kifuani kwangu.

Nikashika. Mtu akikurushia kamba huanzi kumuuliza masharti ya mkataba. Vijana wakaruka majini, wakajitwisha matenga, wakapanda kuelekea mnadani wakipiga kelele watu wapishe. Nilidhani mmoja wao angerudi kuichukua ile kamba. Hakurudi. Wimbi likitoka, boti inanivuta hatua mbili kuelekea Zanzibar. Wimbi likija, narudi Tanganyika. Mvulana mmoja akaja akatundika fulana yake begani kwangu, akaingia kuoga. Boti nyingine ikakaribia, na nahodha wake, baada ya kunitazama kwa tochi na kuridhika, akauliza kama kuna nafasi ya kamba ya pili.

Karibu yangu mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa, anakunywa kahawa. Aliniuliza nimefuata nini. Nikamwambia dagaa. Hakujibu, alinyoosha kikombe kuelekea upande wa mjini. Nikageuka nilivyoweza, kwa mtu aliyefungwa na boti mbili. Juu ya maghorofa kulikuwa na mwezi mpevu, mviringo kamili, unazama taratibu.

"Dagaa anafuata taa," akasema. "Watu wanawasha karabai, siku hizi wengine wana taa za betri, dagaa anakusanyika chini ya mwanga, wanamzungushia wavu. Sasa mwezi ukiwaka hivyo, bahari nzima ni taa. Aje kwenye karabai yako kufanya nini?"

Wavuvi wa dagaa, alieleza, siku hizo za mbalamwezi hubaki pwani wanashona nyavu na kudaiwa madeni. Dagaa nirudi kuwatafuta wakati wa giza. Kisha akanifariji: pweza nitapata, tena wa kutosha, maana mwezi mpevu huja na bamvua, maji yatatoka mbali sana na miamba itabaki wazi, wachokoaji watatembea juu yake kwa miguu. Nikamuuliza maji yatatoka saa ngapi.

"Saa tano hivi yatakuwa yamekauka. Pweza wafike hapa kwenye adhuhuri."

Nikaikumbuka ile saa nne ya herufi kubwa. Nilitaka kumpigia simu mke wangu nimweleze kuhusu mwezi, lakini mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Hatimaye kijana wa kwanza akarudi. Akanipokea kamba yake na ile ya jirani, akazifunga zote kwenye nguzo ya zege iliyokuwa hatua mbili kutoka nilipokuwa nimesimama muda wote huo. "Ahsante, mzee wangu," akasema kwa heshima. "Umetusaidia sana."

Mnadani nilikwenda nikiwa nimeapa kuweka mikono mfukoni. Anayejua mnada wa Feri anajua kwamba mizani haina nafasi kubwa pale; samaki humwagwa mbele ya watu na kuuzwa fungu zima kwa macho. Dalali hutaja bei kwa kasi ambayo mimi husikia tarakimu ya mwisho tu. Wanunuzi nao hawasemi. Huyu anainua nyusi, yule anasogeza kidevu. Mimi nina tabia ya kutikisa kichwa ninapofikiri, kwa hiyo niliacha pia kufikiri.

Tatizo la fungu la mnada ni ukubwa wake. Mwenye hoteli analichukua lote. Mama wa kukaanga samaki wa kuuza jioni halimudu peke yake. Kwa hiyo kinamama huungana. Mbele yangu walikuwa wawili, kanga viunoni, ndoo mikononi, na fungu walilokuwa wakilitaka lilikuwa limefika bei ya watu watatu. Mmoja akageuka nyuma. Nyuma nilikuwepo mimi.

"Baba, una theluthi?"

"Theluthi ya nini?"

"Huyu anayo," akamwambia mwenzake, na fungu likawa letu.

Lilikuwa zuri, siwezi kukataa: changu wengi, tasi kadhaa, pono wawili wa rangi za kupendeza, na kolekole mmoja mkubwa. Kinamama walilimimina juu ya sandarusi na kuligawa mafungu matatu kwa haki ambayo mahakama ingejifunza. Penye kolekole walipunguza changu. Palipopungukiwa waliongeza tasi. Wakatazama kwa jicho moja, wakabadilisha pono. Kisha, ili asiwepo wa kulalamika, ikabidi mmoja ageuke asiyaone mafungu na kutaja mwenye kila fungu.

"Geuka wewe, mwanamume."

Nikageuka, nikaelekea baharini. Nyuma yangu mama akagusa fungu. "Hili la nani?"

Mtu aliyelelewa vizuri hajitaji mwenyewe kwanza. "La kwako, mama."

"Na hili?"

"La mwenzako."

Nikageuka nikiwa nimebakiwa na fungu langu na heshima yangu. Kolekole alikuwa kwa mwenzake. Fungu langu lilikuwa na kunguru watatu juu yake, na mmoja alikuwa tayari anaondoka na tasi.

"Lako hilo, baba," akasema mama, akimfukuza kunguru wa mwisho kwa kanga. "Lilikuwa kubwa."

Kunguru hawa weusi si wenyeji. Asili yao ni Bara Hindi, nao waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wasaidie kusafisha takataka. Yaani nao walifika pwani hii kwa ajira. Walivuka wakaja bara, kazi ya takataka wakaiacha zamani, na leo hula samaki wa mnadani asubuhi na vifaranga vya watu mchana. Serikali zimewawekea mitego na sumu kwa miaka mingi, na wao bado wapo. Niliwatazama kwa wivu kidogo. Kati ya wote tulioajiriwa Feri bila kuombwa ridhaa, ni wao tu walioona mshahara.

Wapara samaki waliimaliza kazi yao haraka kuliko nilivyoweza kutoa pesa mfukoni, magamba yakiruka hadi kwenye miwani yangu. Samaki wakaingia kwenye mfuko. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, tunatumia ile ya kitambaa chepesi, ambayo ina sifa nyingi kwa mazingira na ina sifa moja kwa mbeba samaki: haizuii maji. Nilitembea hatua chache na suruali yangu ikawa imepokea taarifa zote. Jua lilikuwa limetoka. Pweza hawajafika, ng'ambo sijaenda, na changu hawapendi kusubiri.

"Unatafuta barafu?" akaniuliza mama mmoja aliyekuwa na beseni la ngisi na deli kubwa pembeni. "Weka humu samaki wako. Bure. Wewe nikalie hapa kidogo tu, nakwenda kulipa ushuru, narudi sasa hivi."

Msomaji wa pwani anaifahamu sasa hivi. Ina urefu wake. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikaweka sura ya mtu anayemsubiri mtu, lakini beseni la ngisi mbele ya mtu aliyekaa lina maana moja tu.

"Ngisi kilo bei gani?"

Sikujua. Nilichokuwa nimesikia ni bei aliyomtajia mteja wa mwisho kabla hajaondoka, nikairudia: elfu kumi na mbili.

"Kumi."

"Siwezi."

"Kumi na moja basi, mzee, asubuhi hii."

"Siwezi, ndugu yangu."

Nilikuwa nasema kweli tupu. Sikuwa na mamlaka ya kupunguza hata shilingi. Ngisi si wangu, watoto wa yule mama wanasoma kwa ngisi wale. Lakini mteja alinitazama usoni, akaona uso wa mtu asiyejali kitu, akatikisa kichwa. "Una roho ngumu wewe," akasema, na akalipa. Nyuma yake wakaja wengine. Mmoja alijifanya anaondoka. Nikamwacha aondoke, kwa kuwa sikujua kwamba kazi yangu ni kumwita. Akarudi mwenyewe akiwa amenyong'onyea, akachukua kilo mbili. Mwingine aliniapia kwamba kule upande wa pili wanauza elfu tisa. Nilimshauri kwa nia njema aende kule. Alichukia, akanunua.

Mama aliporudi beseni lilikuwa jeupe. Alihesabu pesa, akazihesabu tena, akanitazama kwa muda. Kisha akaomba namba yangu ya simu. Kwa ajili ya deli, alisema.

Huku nikiwa huru, nilikwenda kwenye suala la wavu. Mzee wa kahawa alikuwa amesema kweli: chini ya mkungu pwani wavuvi wa dagaa walikuwa wamekaa mstari mzima, sindano za nyavu mikononi, mwezi umewapa likizo isiyo na malipo. Nikasalimia, nikaeleza shida yangu ya magoli ya watoto. Likafunguliwa baraza. Mmoja alikuwa na jarife, wavu wa kutegea papa na taa, lakini wenzake wakampinga: macho yale ni makubwa, goli likifungwa watoto watabishana kama mpira umepita ndani au nje. Wavu wa dagaa nao macho yake ni madogo, upepo wa kusi utabeba goli na kipa wake. Kilichofaa ni kipande cha wavu wa wastani, nacho kilikuwa na tundu.

"Tunakuzibia. Vua kiatu."

Mshona nyavu hutanua kazi yake kwa kidole gumba cha mguu. Hunasa wavu kidoleni, hunyoosha goti, na uzi unakaa sawa. Mwenye kile kipande alikuwa na wavu wake mwingine kwenye kidole chake, kwa hiyo akaazima changu. Nikakaa mchangani, mguu mbele, nimenaswa. Kila nilipotaka kujikuna waliniambia nitulie.

"Wewe unashabikia nani?" akauliza fundi, sindano ikiingia na kutoka karibu na ukucha wangu.

Nilitazama kulia, kulikuwa na jezi nyekundu. Kushoto, kijani na njano. Nikasema nashabikia Taifa Stars. Wote wawili walikubaliana, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, kwamba mimi ni mwongo.

Nilipata muda wa kutosha pale wa kuipima biashara hii. Mjini, mtu huomba kazi kwa barua. Huambatisha vyeti, picha mbili, majina ya wadhamini watatu, na uzoefu usiopungua miaka mitano katika kazi ambayo hajapewa. Kisha husubiri simu. Feri hawakuulizi hata jina. Na si kwa dharau wala kwa ujanja, nilikuja kuelewa. Ni kwa sababu ya maji. Boti iliyoingia na maji ya kujaa lazima imwage mzigo kabla maji hayajatoka na kuiacha imelalia ubavu. Samaki aliyetoka majini ameanza kuhesabu saa zake. Barafu inayeyuka huku watu wanapatana. Kila kitu pale kina haraka isiyoomba radhi, na katika haraka hiyo mtu mwenye mikono miwili mitupu ni mali iliyolala. Wanaona aibu kukuacha ulale.

Kidole changu kikafunguliwa. Sikudaiwa chochote. "Umeshalipa," akasema fundi, na jezi zote mbili zikakubali.

Ikabaki bahasha ya shangazi wa Kigamboni. Kivuko nilikikuta maji yakiwa yametoka kabisa. Bamvua likikausha bandari, gati hubaki juu na pantoni hushuka chini, na njia ya kuingilia, ambayo siku nyingine ni tambarare ya kupita na baiskeli, huwa mteremko wa kuombewa dua. Nililipa shilingi zangu 200 nikasimama pembeni watu wapite. Nauli hiyo ina historia yake: ilipopanda kutoka 100 mwanzoni mwa mwaka 2012, Waziri wa Ujenzi wa wakati ule, John Magufuli, aliwaambia wasioweza kuilipa wapige mbizi. Mwaka 2016, akiwa Rais, alifungua daraja la Kigamboni, kwa hiyo wasiojua kuogelea nao wakafikiriwa. Lakini daraja liko mbali na Feri, na mimi nilikuwa tayari nimesimama.

"Mzee, usisimame hapo, zuia!"

Lilikuwa ni toroli la madafu, linateremka. Nikazuia kwa mgongo, mwenye toroli akivuta kwa nyuma, na tukaingia pantonini kwa mwendo ambao hakuna kati yetu aliyeuchagua. Upande wa pili, bila shaka, njia ilikuwa inapanda. Sikungoja kuitwa. Lakini kwanza tulisubiri katikati ya maji, kwa kuwa meli ya makontena ilikuwa inaingia bandarini, na mlango ule ni mwembamba. Meli kubwa ikipita, pantoni hukaa kando kwa adabu. Ilipita juu yetu ghorofa baada ya ghorofa. Juu kabisa alisimama baharia mmoja ameegemea chuma, mikono imening'inia, anatutazama bila shughuli yoyote. Nilitamani mtu amrushie kamba.

Shangazi alifungua bahasha, akaona kadi ya mchango wa harusi, akaifunga tena na kuiweka chini ya mto. Kisha akasema mtoto wa kaka yake hawezi kuja kwake na kurudi mikono mitupu. Nilimwambia sina hata mkono mmoja mtupu, nina wavu. Alifurahi kusikia hivyo. Jogoo aliyekuwa amepanga kunipa alikuwa hashikiki, na wavu ndio kitu alichokuwa anakikosa.

Nilirudi Feri na jogoo ndani ya goli, adhuhuri imeingia, na kweli ngalawa zilikuwa zinateremsha pweza. Muuzaji wangu alikuwa kijana mwenye mchokoo begani. Alinichagulia mmoja mkubwa, akampima kwa mkono, akanitajia bei, kisha akasema huyo bado mgumu, apigwe kwanza. Alikuwa na foleni ya wateja. Akanionyesha sakafu ya zege.

"Mpige mwenyewe, mzee. Shika kichwa, piga, mpaka atoe povu."

Nikamkabidhi jogoo kwa mtoto, nikakunja mikono ya shati. Kumpiga pweza ni kazi inayokusanya watu, sijui kwa nini. Labda kwa sababu kila mpita njia anajua, au anadhani anajua, kwa nini mtu wa umri wangu ananunua pweza mkubwa kiasi hicho. Vijana wa barafu walisimama. Kinamama wa theluthi walipita na ndoo zao, wakanitambua, wakapunguza mwendo.

"Unajiandaa, mzee," akasema kijana mmoja.

"Si wangu. Ni wa baba mkwe."

Hapo ndipo nilipoharibu zaidi. Kicheko kilifika hadi kwa wakaanga samaki. Nikajaribu kuwaeleza, kati ya pigo na pigo, kwamba mzee ana maumivu ya magoti na kwamba supu humsaidia kusimama.

"Sote tuna magoti, baba," akasema yule mama mwenye kolekole.

Kwenye daladala sikutegemea mapokezi mema. Samaki wa barafu walikuwa wanatiririka, pweza anang'ang'ania mfuko, jogoo ametoa kichwa kwenye jicho la wavu na anawakodolea macho abiria. Madirisha ambayo nadhani hayakuwa yamefunguliwa tangu gari linunuliwe yalifunguliwa yote. Konda alinipima kwa macho, mimi na ukoo wangu, akaamua nisikae ndani. Alinipa nafasi pale mlangoni, miguu kwenye ngazi. Mlangoni ndipo nauli zinapopita. Kufika katikati ya safari nilikuwa nashika noti kati ya vidole namwona konda amekaa kwenye kiti changu anasinzia, na kuna dada mmoja ananidai chenji yake ya mia tano kwa hasira.

Mke wangu aliipokea orodha kwa kalamu mkononi. Changu: wapo, ingawa alitaka kujua tasi waliobaki wameng'atwa na nani. Dagaa: hakuna, sababu mwezi. Aliandika "sababu mwezi" na kuipigia mstari, kama anavyofanya kwenye insha za darasa la tano. Pweza: yupo, ameshapigwa. Wavu: upo, una jogoo. Bahasha: imefika, jibu ni huyo jogoo. Kisha akauliza swali ambalo kila mtu aliyetoka Feri huulizwa: tangu alfajiri mpaka sasa hivi ulikuwa unafanya nini? Nikamwambia nilikuwa nguzo, mwanahisa, muuza ngisi, kidole, breki ya toroli, mpiga pweza na konda. Akasema nikaoge.

Simu iliita wakati wa chakula cha jioni, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa bado inanuka, aliipokea yeye. Nilimwona anasikiliza, nyusi zinapanda. Akakata, akaiweka simu mezani taratibu.

"Kuna mwanamke anasema giza linaanza wiki ijayo. Anasema uje mapema, mkae wote. Anasema hajawahi kupata mwanamume wa aina yako."

Nilianza maelezo na mwezi mpevu, nikapitia karabai, nikafika kwenye ushuru na deli, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia navutwa na boti mbili. Aliyenisaidia ni baba mkwe, ambaye alikuwa anamalizia bakuli la pili la supu. Aliweka kijiko chini, akasema maelezo yangu yote ameyaelewa, dagaa hufuata giza, hilo linajulikana, na kwa usalama wa ndoa ya binti yake safari ijayo atanisindikiza yeye mwenyewe.

Nilimwambia aje na ndala, na akifika asisimame karibu na maji. Akanijibu kwamba magoti yake sasa hayana tatizo lolote.